Bundi juu ya paa, fisi nje ya boma: tupeane uzoefu

Habari za jioni wadau. Naanza na yangu.

Mwaka ambao bibi aliugua kule Muheza, kila usiku tulisikia mkoromo darini. Ulikuwa kama wa mtu anayevuta pumzi kwa shida, anaacha, anavuta tena. Bibi mwenyewe chumbani alikuwa anapumua vivyo hivyo. Magharibi moja bundi mweupe, uso kama kopa, akatua kwenye paa. Mjomba akasema huo ni uchuro. Wakampiga mawe mpaka akaanguka. Siku ya tatu bibi akafariki, na hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

Baada ya arobaini nikapanda darini kushusha mikeka. Nikakuta makinda wanne wamekauka, na pembeni yao vidonge vyeusi vya manyoya. Nikavunja kimoja: fuvu zima la panya, na meno yake ya njano. Kumbe waliokuwa wakikoroma ni wale makinda, wanalilia chakula. Msimu ule panya walitumalizia mahindi ghalani. Ila kinachoniuma mpaka leo ni yule kinda mdogo kuliko wote, aliyekuwa amejikunyata chini ya wenzake.

Lugha yetu yenyewe inasema "ndege njema" na "ndege mbaya", yaani ishara ya heri na ishara ya shari, kwa hiyo hofu hii si ya jana. Kwenu ni mnyama gani, na nini kilitokea hasa?

BAHARIA WA ZAMANI: Pole kwa bibi. Mimi nilikaa Piraeus, bandari ya Ugiriki, nikisubiri meli. Siku ya kwanza narudishiwa chenji, sarafu ya yuro 1 ina bundi! Nikasita kuipokea. Mama muuza duka akaniambia huyo ni ndege wa Athena, mungu wa kike wa hekima wa Wagiriki wa kale, na kwamba picha imetolewa kwenye sarafu ya drakma 4 ya Athens ya zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ndege tunayemfukuza kwa mawe, wenzetu walimweka kwenye pesa yao. Sarafu ile ninayo bado.

BINTI SHINYANGA: Kwetu fisi. Akilia karibu na boma usiku, watu wanauliza "wa nani huyo?", maana inaaminika wachawi huwafuga na kuwapanda. Bibi jirani yetu alihama kijiji kwa neno hilo tu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, basi.

MPEMBA: Sisi tuna bundi wetu mdogo, haonekani pengine popote duniani ila Pemba. Wageni huingia msitu wa Ngezi usiku kumtafuta. Mama yangu akimsikia husoma Ayatul Kursi.

MTAFUTAJI, DURBAN: Mimi kinyonga. Mzulu niliyefanya naye kazi alinihadithia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa. Akachelewa njiani anakula matunda, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Siku alipomwona kinyonga bustanini, jamaa alirudi nyuma, mikono inamtetemeka. Nyumbani Tanga mama yangu hufanya hivyo hivyo, na hadithi hiyo hajawahi kuisikia.

MWANZISHA MADA: Binti Shinyanga, huyo bibi mliwahi kumwona tena?

BINTI SHINYANGA: Mara moja, mnadani. Watu walimpisha njia. Mimi alinishika mkono, akanifungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kanga yangu, hakusema kitu.