Tupeane uzoefu: kujitolea kugawa chakula na nguo za msaada

Mkazi wa Namatala: Jana nilipita penye ukumbi mmoja hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, nikakuta marobota ya nguo yakishushwa kwenye lori, nikakumbuka mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika usiku na watu wakaamkia kwetu wakiwa na nguo walizolalia tu. Tuliojitolea kuchambua nguo za msaada tulipata nzuri nyingi, lakini pia tulipata gunia zima la viatu vya mguu mmoja mmoja. Enyi mliowahi kufanya kazi hii, ni jambo gani lililowashinda?

Mama Posho, Kampala: Umenitonesha kidonda, ndugu yangu. Mwaka 2020, wakati wa zuio la Korona, serikali iligawa hapa Kampala na Wakiso kilo 6 za posho (unga wa mahindi) na kilo 3 za maharage kwa mtu, na wanasiasa wakakatazwa kugawa chakula wao wenyewe wasije wakakusanya umati. Wapo majirani ambao mgao ule haukuwafikia, kwa hiyo tukachangishana magunia na mimi nikawekwa kwenye kupima. Orodha tuliletewa na watu wa LC, yaani baraza la mtaa, na aliyeiandika alikuwa amepita kwa wenye nyumba tu, wapangaji akawaruka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama tangu asubuhi, akafika mbele, jina halipo, wakati bwana aliyekuwa nyuma yake alikuwamo mara tatu kwa tahajia tatu. Nilipomwambia asubiri mwisho, gunia likaisha. Hakunitukana, alisema tu, "Webale, nnyabo (asante, mama), umenisaidia kujua siku ilivyo ndefu." Lakini kilichoniumiza zaidi ni tumpeko, kile kikombe cha kupimia. Mwenzangu alikuwa akiijaza mpaka ifanye kilima kwa anaowajua, na kwa wengine akiipangusa kwa kijiti, na foleni nzima ilikuwa ikikitazama kile kijiti.

Boda wa Nakawa: Kijiti hicho nakifahamu, kwetu pia kilikuwapo.

Mwalimu wa Jinja: Kuwalaumu LC ni rahisi, Mama. Mbona hamsemi kwamba wanaojitolea hujichagulia gomesi nzuri, yale magauni ya heshima ya akina mama, kabla mlango haujafunguliwa?

Mama Posho, Kampala: Mwalimu, mimi nilipima posho, na gomesi yangu niliinunua soko la Owino kwa fedha yangu. Usinichanganye na watu wako wa Jinja.

Mkongo wa Kyangwali: Mimi nazungumza kama mpokeaji. Mwaka 2025, Shirika la Chakula Duniani lilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni moja kwenye mgao hapa Uganda, wengine tuliuza nguo za msaada ili tununue unga na makaa, kwa sababu maharage ya zamani humaliza makaa kabla hayajaiva. Wafadhili walituita wezi. Shati likishakuwa langu, nikiliuza nimemwibia nani?

Mwalimu wa Jinja: Ukiuza, anayekufuata hapewi.

Binti wa Arua: Afadhali huyo aliuza shati. Sisi tulimpa bibi mmoja koti zito la baridi, la nchi za theluji, ambalo hakuna aliyelitaka. Kesho yake alirudi nalo likiwa limefumuliwa, kwa kuwa alitaka bitana yake imfae mjukuu kama blanketi, na ndani ya bitana amekuta noti za dola zimeshonewa. Alizitandaza mezani mbele ya watu wote. Mwenyekiti wetu akasema ni mali ya kikundi, zitanunua mafuta ya gari. Akina mama wakasema ni za bibi. Kijana mmoja akafunga mlango ili asitoke mtu. Mwishowe mwenyekiti alizichukua, na koti akaliweka kama ushahidi. Bibi alikuwa akiuliza jambo moja tu: atafunikwa na nini mtoto?

Boda wa Nakawa: Kuanzia leo najitolea upande wa makoti tu.

Mkongo wa Kyangwali: Koti likitolewa, limetolewa na bitana yake. Fedha ni za bibi.

Mwalimu wa Jinja: Wagawane nusu kwa nusu. Tena noti za zamani hununuliwa kwa bei ya chini katika maduka ya kubadilishia fedha, kwa hiyo msipigane kabla hamjazikagua.

Mkazi wa Namatala: Jamani, marobota yanafunguliwa kesho. Orodha nifanyeje?

Mama Posho, Kampala: Isomwe kwa sauti siku moja kabla, wapangaji wakiwapo, ili aliyerukwa apige kelele mapema. Na kijiti akishike mtu wa mtaa mwingine.

Mwalimu wa Jinja: Achana na orodha, peleka nyumba kwa nyumba jioni. Ukiisoma hadharani, mtaa wa pili nao utakuja.

Boda wa Nakawa: Binti, koti lilirudi?

Binti wa Arua: Lilirudi baada ya akina mama kumfuata mwenyekiti mpaka nyumbani kwake. Hesabu ya dola bado tunaidai.