MJADALA: Kijana wa Kiislamu na itikadi kali: tatizo ni dini nyingi au dini haba?

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote msio Waislamu.

Naweka mada mezani, tuichambue bila matusi. Kila anapopatikana kijana wa Kiislamu kwenye kundi la kigaidi, majibu huwa ni yaleyale mawili. Upande mmoja husema madrasa zimezidi, punguzeni dini, ongezeni hisabati. Upande wa pili, huu wa kwetu, husema "hao si Waislamu", na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa kazi. Kijana anabebwa kwa sababu dini anaijua nusunusu, na aliyemfundisha hiyo nusu hakumpa nafasi ya kuuliza.

Nianze na wenye hoja ya elimu dunia. Ni haki ya kila mtoto na siipingi, ila si chanjo. Mohamed Atta, kinara wa watekaji ndege wa Septemba 11, 2001, alisomea mipango miji Hamburg. Ayman al-Zawahiri alikuwa daktari wa upasuaji. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 na kuua watu 148 alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, tena chifu, alikuwa ameshatoa taarifa kwamba mwanawe haonekani. Wasichana watatu waliotoroka London Februari mwaka huohuo kwenda Syria, wenye miaka 15 na 16, walikuwa wanafunzi hodari.

Sasa geukia dini. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilitoa utafiti uliohoji watu 495 waliojiunga kwa hiari yao na makundi yenye silaha barani Afrika, yakiwemo al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini wanayaelewa kidogo, hawayaelewi kabisa, au hawayasomi. Na kwa aliyepata elimu ya dini angalau miaka 6, uwezekano wa kujiunga ulipungua kwa hadi asilimia 32. Wanaotaka madrasa zifungwe waanze kunijibu hapo.

Lakini wenzangu wa madrasa msishangilie mapema. Kijana wa miaka 15 amehifadhi juzuu kadhaa za Qur'ani, tajwidi yake (kanuni za kuisoma) safi. Usiku anatumiwa video fupi: aya ya 5 ya Surat at-Tawba, ile inayoamrisha kuuawa washirikina popote watakapopatikana, halafu picha za maiti za watoto, halafu sauti inamuuliza "wewe umekaa tu?" Asubuhi ananyoosha mkono darasani. Ustadhi anakunja uso: "Hayo si ya umri wako, kaa chini." Amekaa chini, sawa, lakini swali halijakaa. Atalirudisha kulekule lilikotoka.

Na jibu lipo hatua moja tu mbele na moja nyuma. Aya ya 4 inawatoa walioheshimu mkataba wao na Waislamu. Aya ya 6 inasema mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Aliyekata video aliziona zote mbili. Huyo mtoto angeonyeshwa hilo kwa dakika kumi, mushaf (Qur'ani yenyewe) ukiwa wazi mbele yake, angeanza kumtilia shaka msemaji wa kwenye simu. Bado hajaambiwa kwamba wanazuoni wakubwa walikhitilafiana na wakaendelea kuheshimiana. Asiyelijua hilo, kila anayetofautiana naye ni kafiri.

Njia hii wala si mpya. Makhawariji, kundi la Waislamu wa karne ya kwanza, walipojitenga na khalifa wa nne, Sayyidna Ali, kwa kuwa alikubali ugomvi wake na Muawiya uamuliwe na waamuzi, wakapiga kambi Harura, Iraq, hawakuwa watu wa kupuuza ibada. Walikuwa na sugu za sijda. Ibn Abbas, binamu wa Mtume na mwanazuoni, aliwaendea amevaa vazi zuri la Kiyemeni. Wakaanza kwa kulikosoa vazi lenyewe! Akawajibu kwa aya. Kisha akauliza wana lipi dhidi ya Ali, wakataja mambo matatu, akayasikiliza yote, ndipo akajibu moja baada ya jingine. Mlisema Ali kosa lake ni kukubali watu wahukumu? Qur'ani yenyewe imeamrisha waamuzi baina ya mume na mke wanaogombana. Mlisema amefuta cheo chake cha Amirul-Muuminina (Kiongozi wa Waumini) kwenye mkataba? Mtume mwenyewe alikubali maneno "Mtume wa Allah" yafutwe kwenye mkataba wa Hudaybiyya na Maquraishi wa Makka. Maelfu wakarudi. Wengine hawakurudi, na mwaka 661 mmoja wao, Ibn Muljam, akamuua Ali.

Kwa hiyo sisemi elimu inaponya kila mtu. Utafiti uleule wa UNDP unaonyesha asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Huwezi kumfanyia tafsiri mtu ambaye kaka yake amechukuliwa usiku na hajarudi, ukategemea atulie. Hapa wanaosema "tatizo ni dhuluma, si dini" wana hoja nzito, nami sina la kuwapinga, ila kuwakumbusha kwamba wadhulumiwa walio wengi hawajiungi na kundi lolote.

Kuna hili la Uingereza, ambako tangu 2015 sheria inazitaka shule ziwe macho, na mwanafunzi anayedhaniwa kuelekea kwenye ugaidi anaweza kutolewa taarifa. Aliyeanza kutafuta tiketi na kuaga marafiki, ndiyo, atolewe taarifa leoleo. Lakini mtoto aliyeuliza tu maana ya jihadi? Wenzake wakimwona ameitwa kuhojiwa, hakuna atakayeuliza tena, na mwalimu ataona darasa tulivu akadhani mambo shwari.

Karibuni mnikosoe. Walimu wa madrasa hasa nawasubiri: aya ya 5 mnaifundisha vipi, na mtoto akiwa na miaka mingapi? Na nyie mnaotaka zifungwe, zikishafungwa, swali la yule kijana atalijibu nani?