Aaron Rai aliingia gofu ya kulipwa na miaka 17. Ungemruhusu mwanao?

Mchambuzi wa Kijiweni (mwanzisha mada)
Wadau, habari za jioni. Kuna huyu Mwingereza Aaron Rai, mzaliwa wa Wolverhampton, 1995. Mwaka 2012, umri miaka 17, akaachana na gofu ya ridhaa akaingia ya kulipwa. Chuo cha Marekani hakwenda. Akaanzia chini kabisa, EuroPro, mashindano ya daraja la tatu huko Uingereza, ambako ukikosa mchujo (ukikatwa katikati ya shindano) unarudi nyumbani na risiti za mafuta ya gari. Machi 2017 akashinda Kenya Open pale Muthaiga, Nairobi, na mwaka huohuo akafikisha mataji matatu ya Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya. Kanuni yao ukibeba matatu msimu mmoja unapandishwa papo hapo kwenda European Tour, daraja la juu (siku hizi inaitwa DP World Tour). 2018 akachukua Hong Kong Open, Mwingereza mwenzake Matt Fitzpatrick akamaliza nyuma yake.

Vijana wazuri wa ridhaa tunao. Swali langu: mtoto wa miaka 17 aachwe aende, au amalize shule kwanza? Tujadili kwa hoja.

(Ndiyo, ni yuleyule wa glavu mbili anayevalisha vyuma vyake, yaani fimbo zenye kichwa cha chuma bapa, vifuniko.)

Ticha Mstaarabu
Amalize shule. Mmesahau ya mcheza gofu Justin Rose? 1998, mashindano ya The Open pale Royal Birkdale, Uingereza, ana miaka 17, bado wa ridhaa, anaingiza mpira shimo la 18 kutoka mbali, uwanja mzima unasimama, anamaliza nafasi ya nne kwa sare. Akageuka wa kulipwa mara moja. Kilichofuata: akakosa mchujo mara 21 mfululizo. Ishirini na moja! Ushindi wake wa kwanza ulikuja 2002. Hiyo miaka ya katikati, ni mzazi gani hapa angeistahimili?

Handikapu Tisa
Mimi nimekwama kwenye vifuniko, samahani. Vifuniko vya kichwa kwa draiva, ile fimbo kubwa ya kupiga mbali, sawa. Vya VYUMA? Klabuni kwetu ukimwona mtu na vifuniko vya vyuma unajua seti ni zawadi ya kustaafu na mpira wa kwanza unaenda majini. Halafu glavu mbili kama anaendesha pikipiki Limuru mwezi wa saba. Kipaji anacho ila ushamba ni ushamba.

Ticha Mstaarabu
Hiyo siyo hoja, ndugu.

Kedi Mstaafu
@Handikapu Tisa wewe umenichoma na nitakujibu.

Yule kijana ameeleza mwenyewe. Alipokuwa na miaka kama saba hivi, babake alimnunulia seti ya Titleist, fimbo za watu wazima wanaojua, karibu pauni 1,000, na pesa yenyewe haikuwepo nyumbani. Kila baada ya mazoezi mzee anachukua pini na mafuta ya mtoto, anasafisha mfereji mmoja mmoja usoni mwa kila chuma. Ndipo akazivika vifuniko zisikwaruzane. Mtoto amekua, amekuwa tajiri, fimbo anapewa bure, vifuniko havijatoka. Anasema ni heshima kwa alichotendewa.

Sasa niambie, zako nani anazisafisha? Nimebeba mabegi ya watu wa aina yako miaka na miaka. Chuma kinarudi na udongo mpaka shingoni, unamtupia kedi bila kumtazama, kedi, yaani mbeba begi, anachokonoa na ncha ya tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, anafuta na taulo lenye maji, shimo linalofuata unalalamika mpira haukuzunguka.

Handikapu Tisa
Mzee tulia, wala hunijui. Zangu nasafisha mwenyewe. Na kama babake alikuwa na pauni 1,000 za fimbo za mtoto wa miaka saba, hiyo si dhiki. Dhiki ninayoijua mimi ni ya mtoto anayecheza na chuma namba 7 moja, nusu imeoza.

Kedi Mstaafu
Nimesema pesa HAIKUWEPO. Soma pole pole, haraka ya nini?

Mama Nasra wa Mombasa
Kedi usigombane na mtu asiyejua thamani ya kitu cha kununuliwa kwa kujinyima. Hata glavu mbili zina sababu. Alipewa jozi akiwa mdogo, akazoea, siku moja babake akasahau kubeba moja, akacheza na glavu moja na hakuweza kabisa. Basi. Mbona hamsemi wanaoshika rozari?

Ila hamjasema la maana. Mamake amekulia Kenya, asili yao ni Wahindi, na wiki ile ya Muthaiga alikuwepo. Kwa hiyo kombe lilibaki nyumbani :)

Mwana wa Ruiru
Nyumbani kwa nani? Kenya Open imeanza 1967. Mhispania Seve Ballesteros amelibeba, 1978. Mkenya, hata mmoja, bado. Sasa tukikosa wa kushinda tunaanza kuhesabu mama za watu. Huyo anacheza chini ya bendera ya Uingereza, mwacheni na Uingereza yake.

Mama Nasra wa Mombasa
Umesema "mama za watu" kwa sababu ni Mhindi au kwa sababu alihama? Jibu moja tu. Wahindi wa hapa mimi nilizaliwa nao, nikasoma nao, na mwaka uleule wa 2017, Julai, serikali ikawatangaza kabila la 44 la Kenya. Mtoto alishinda Machi. Angesubiri miezi minne tungempa na kitambulisho.

Mwana wa Ruiru
Hapo umecheza vizuri 😂 lakini sikusema kwa sababu ya Uhindi. Greg Snow, mcheza gofu wa kulipwa, ni mzungu na hakuna anayebisha kwamba ni Mkenya, amecheza hapa, amesota na wenzake hapa. Mimi naangalia mtu amesotea wapi.

Ticha Mstaarabu
Kwa kipimo hicho Rose ni nani? Kazaliwa Johannesburg, kapelekwa Uingereza mtoto, kashinda taji lake la kwanza la kulipwa hukohuko Johannesburg, dhahabu ya Olimpiki ya 2016 kawapa Waingereza.

Mwana wa Ruiru
Rose ni Mwingereza. Rai ni Mwingereza. Ndicho ninachosema tangu mwanzo!

Binti wa Moshi
Majirani, sisi huku tunawasoma tu. Mna mashindano yenye hadhi ya European Tour tangu 2019 na bado mnagombania mjukuu wa nani. Sisi gofu yetu ikiandikwa gazetini ni siku mheshimiwa anapokata utepe.

Mchambuzi wa Kijiweni
Jamani. Miaka 17. Shule. Mada.

Binti wa Moshi
Haya kaka, nikujibu. Umri si tatizo. Tommy Fleetwood, Mwingereza mwingine, aliingia ya kulipwa na miaka 19, mwaka uliofuata akaongoza Challenge Tour. Fitzpatrick alishinda ubingwa wa ridhaa wa Marekani 2013, akaingia chuo Northwestern, muhula mmoja tu akafunga begi. Hao wote na Rai walikuwa na ngazi chini yao: kuna EuroPro, kuna Challenge Tour, unaanguka kwenye ngazi, unajaribu tena. Wa kwetu akianguka anaangukia wapi? Hata hiyo EuroPro yenyewe imeshakufa, ilifungwa 2022. Mtu apime ngazi ndipo apime umri.

Ticha Mstaarabu
Anaangukia kwenye cheti, dada, kama alisoma. Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Kedi Mstaafu
Cheti gani? Wengi wa kulipwa mnaowashangilia hapa Kenya walianza na kubeba mabegi. Hawakuulizwa kama wamemaliza shule, waliulizwa kama wana njaa. Mimi nilikuwa nacheza jioni wanachama wakishaondoka, klabu moja sitaitaja, mpaka siku nikakutwa kwenye gurini, pale penye nyasi fupi na shimo, na fimbo ya kuazima. Nilifukuzwa. Nilikuwa na miaka hiyohiyo 17. Babake Rai alimlipia mwanawe ada ya klabu na ya mashindano, kila kitu, akamfundisha mwenyewe. Mimi wa kunilipia hakuwepo. Sasa swali la "aruhusiwe au asiruhusiwe" ni la wenye wa kuwaruhusu.

Mwana wa Ruiru
Mzee hii ungeianzisha mada yake.

Handikapu Tisa
Pole kwa hilo, Kedi, kweli. Lakini bado unanikosea kuniweka kundi moja na hao waliokufukuza. Na vifuniko vya vyuma bado ni vibaya, kelele zake za velkro zinasikika mpaka shimo la jirani. Kama unajiamini njoo tucheze, mashimo tisa, nikupe mikwaju miwili ya upendeleo.

Kedi Mstaafu
Unipe mikwaju MIMI? Njoo inbox tupange Jumamosi. Saa moja asubuhi. Begi lako utalibeba mwenyewe.