Mjadala: Wafuga nyuki wa Dodoma na Singida waruhusiwe kukeneka pombe kali ya asali?

Mfuga nyuki, Manyoni:

Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 (moshi ni jina la gongo katika sheria hiyo) inamtia hatiani anayepika gongo au kukutwa nayo bila leseni, na mimi sijawahi kukutana na mfuga nyuki wa kijijini aliyeipata leseni hiyo. Matokeo yake tunayajua sote: gongo hupikwa usiku makorongoni, asubuhi huuzwa kwenye chupa za maji, na hakuna aliyeipima. Hoja yangu ni kwamba vikundi vya wafuga nyuki vilivyosajiliwa vipewe leseni ya kukeneka wanzuki (pombe ya asali iliyochachushwa), yaani kuichemsha na kupoza mvuke wake, kwa sharti kuu kwamba pombe isitoke ghalani kabla haijalala kwenye pipa la mbao walau mwaka mmoja, chini ya lakiri ya serikali.

Sipendekezi hata kidogo kwamba asali nzuri ya mezani kutoka misitu ya Itigi imwagwe mtamboni. Lakini kila msimu ipo asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega, ambayo maji yake yanazidi asilimia 20, na ambayo mnunuzi makini huikataa kwa sababu huchachuka yenyewe ndani ya ndoo. Yapo pia maji tunayooshea masega baada ya kukamua, ambayo kwa sasa tunayamwaga. Hiyo ndiyo malighafi ninayoizungumzia.

Wanaodhani kazi hii ni utajiri wa haraka wapige hesabu kwanza. Kilo moja ya asali safi ina takribani gramu 800 za sukari. Ukiichanganya na maji ikafika lita 3.5, na hamira ikafanya kazi mpaka mwisho, unapata wanzuki yenye ukali wa asilimia 13 hivi. Asali ina naitrojeni kidogo sana, kwa hiyo hamira isipoongezewa chakula hudorora njiani, na wapikaji wenye haraka huipika wanzuki kabla haijamaliza kuchachuka. Ukishatenga matone ya mwanzo na ya mwisho, ni vigumu kuvuka lita moja ya pombe ya asilimia 40 kwa kila kilo ya asali.

Dodoma inatengeneza mvinyo wa zabibu wenye leseni, kodi na lebo, na sioni kwa nini zao la nyuki linyimwe mlango huohuo. Uganda, kwa Sheria ya Enguli ya mwaka 1965, iliwataka wapikaji wadogo wakate leseni na kuuza enguli, yaani gongo yao, kiwandani ili ikenekwe upya.

Muuguzi, Chamwino:

Kaka yangu wa Manyoni, nimeisoma hoja yako kwa makini na bado naipinga. Kenya ilihalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, ikaweka masharti ya chupa na lebo, lakini Mei 2014 makumi ya watu walikufa, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali yenye sumu. Sisi wenyewe tulilazimika kupiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, ingawa vilitengenezwa na viwanda vyenye leseni.

Mgonjwa wa methanoli huja saa nyingi baada ya kunywa, akilalamika kwamba anaona ukungu mweupe, na mara nyingi wakati huo macho yamekwisha kuharibika. Ndugu zake hutuapia kwamba pombe ilikuwa safi kwa kuwa iliwaka bluu. Methanoli nayo huwaka bluu. Halafu kuna wanaopoza mvuke kwa rejeta kuukuu za magari, ambazo viungio vyake vina madini ya risasi yanayoyeyukia kwenye pombe na kumdhuru mnywaji taratibu kwa miaka. Kulaza pombe kwenye pipa hakuondoi methanoli wala risasi, hata ikilala miaka kumi. Unaniambia vikundi vitasimamiwa. Naomba uniambie ni nani atakayeshika kipimo.

Mfuga nyuki, Manyoni:

Dada, uliyosema kuhusu rejeta na mwali wa bluu ni kweli tupu, na ninaomba kila anayesoma hapa ayapeleke kijijini kwake. Tunachotofautiana ni chanzo. Methanoli ya pombe iliyochachushwa hutoka hasa kwenye pektini ya matunda, ile inayogandisha jamu, na asali karibu haina pektini. Methanoli inayoua watu kwa makundi huongezwa na mtu anayetaka ukali wa bei rahisi kwa kemikali ya kiwandani, na mtu huyo hufaulu kwa sababu anauza leo na kesho hayupo. Ndiyo maana nang'ang'ania pipa. Pombe iliyofungiwa mwaka mzima mahali panapojulikana inaweza kupimwa bila pupa, na mwenye pipa hana pa kukimbilia.

Kuilaza pombe kuna ufundi wake pia. Mti wa mwaloni uliobanikwa kwa moto hutoa tanini, rangi na harufu inayokaribia vanila, na hewa inayopenya taratibu hulainisha makali. Scotland, ambako hewa ina unyevu, takribani asilimia 2 ya pombe hupotea pipani kila mwaka, na ukali hushuka. Hapa kwetu kuna miezi mingi ya ukavu, maji hutoka pipani haraka kuliko pombe, kwa hiyo ukali unaweza hata kupanda huku pipa likipungua. Ghala linalofaa ni la kuta nene za udongo na paa la udongo, yaani tembe, ambayo Wagogo wamekuwa wakiijenga tangu zamani kwa sababu hiyohiyo ya joto. Wapo wanaonishauri tutumie mapipa ya mninga. Nakataa mpaka maabara ieleze mbao hiyo inatoa nini ndani ya pombe kali.

Kipimo kishikwe na afisa wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Pipa litiwe lakiri siku linapojazwa, ukali na ujazo viandikwe, sampuli ichukuliwe siku hiyo na tena kabla ya kufunguliwa. Mtambo uwe wa shaba au chuma cha pua, usiwe na kiungio chenye risasi, na matone ya mwanzo, yale yenye harufu ya gundi, yamwagwe mbele ya mtunza daftari. Kikundi kisichoweza kununua mtambo wa aina hiyo kisipewe leseni. Najua masharti haya yatawaacha nje akina mama wengi wanaosomesha watoto kwa gongo, na jambo hilo linaniuma; njia ninayoiona ni waingie vikundini kama wanachama kamili.

Muuguzi, Chamwino:

Kwa pipa nimekuelewa, kwa kilabu bado. Ongezeni masharti mawili: pombe hiyo isiuzwe rejareja katika kijiji inakopikwa, na sehemu ya ada ya leseni inunulie hospitali ya wilaya vifaa vya kupima methanoli na dawa ya kuitibu. Yasipoandikwa, kura yangu ni hapana.