Mjadala: Kulungu wa ardhi ya klabu za uwindaji wapimwe ugonjwa wa CWD kwa lazima, au iwe hiari ya wanaokodi?

Mkazi wa Memphis:

Wakuu, salaam. Huku kusini mwa Marekani kila msimu wa kulungu ukikaribia, klabu za uwindaji zinarudi kwenye ubishi ule ule: tupeleke vichwa vikapimwe CWD au tunyamaze? Nauleta hapa kwa sababu Waswahili wengi wa Tennessee, Kentucky na Texas siku hizi wanawinda, au wanaletewa nyama na wenzao kazini.

Kwa asiyeufahamu: CWD (chronic wasting disease) ni ugonjwa wa kulungu unaoletwa na prioni, yaani protini zilizoharibika, ndugu wa ule wa ng'ombe wazimu. Mnyama anakonda, anadondosha mate, anakufa. Ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967, kwa kulungu waliokuwa wakifugwa katika kituo cha utafiti. Leo uko kwenye majimbo zaidi ya 30. Hauna chanjo wala tiba. Unaambukizwa kwa mate, mkojo na kinyesi, unakaa udongoni miaka, na moto wa jikoni hauuwezi. Hajathibitika binadamu aliyeupata, ila CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Na wengi wanaokutwa nao walionekana wazima kabisa siku walipopigwa risasi.

Klabu ni kundi la watu wanaochanga kukodi msitu, mara nyingi wa kampuni ya mbao au wa familia fulani. Wanapanda malisho, wanafunga vibanda juu ya miti, wanajiwekea masharti ya dume gani apigwe. Lakini wanachokodi ni ardhi. Kulungu ni wa umma, leo yuko kwako, kesho kwa jirani.

Msimamo wangu ni lazima, na gharama zibebwe na jimbo. Mississippi na Louisiana zina mpango wa DMAP: mtaalamu wa serikali anaishauri klabu na kuipa vibali vya ziada vya kupiga majike, nayo inamrudishia uzito wa kila mnyama pamoja na taya la chini, umri usomwe kwenye magego. Sasa kama taya mnalitoa kila mwaka bila kulalamika, tezi za nyuma ya koo zinazohitajika kwa kipimo ziko hapo hapo. Tatizo haliwezi kuwa kisu.

Mwanachama wa klabu, Mississippi:

Mkuu, umeongea vizuri ila hujalipa kodi ya msitu. Januari 2018 alionekana dume mmoja akifa kaunti ya Issaquena, hapa Mississippi. Mmoja! Majibu yalipotoka, ukachorwa ukanda wa masharti, kuwawekea kulungu chakula kukapigwa marufuku, mzoga mzima hauruhusiwi kutoka, nyama unaitoa ikiwa haina mifupa. Wanachama wakiona hivyo wanahama, na kodi wanabaki kuibeba waliobaki. Halafu mnasema serikali ije isaidie. Wisconsin walipoupata mwaka 2002 walikuja na mpango wa kufyeka kulungu, wenye mashamba wengi wakagoma. Ugonjwa uliisha? Upo mpaka leo.

Mama Neema:

Mimi mapembe hayanihusu, mimi nalisha watoto. Jirani alituletea soseji za kulungu, nikamuuliza nyama ilisagwa wapi. Kwa mchinjaji, pamoja na za watu wengine wanne! Sasa hata kama wa kwake alipimwa, hao wengine je? Wawindaji mnabishana ukanda na kodi, mlaji hamumtaji.

Mkazi wa Memphis:

Dada, hapo umenigusa. Anayeweza amwambie mchinjaji kuwa kulungu wake asagwe peke yake, na nyama ikae friza mpaka majibu yatoke.

Ndugu wa Mississippi, hoja yako nzito ni hiyo ya adhabu, na sikukatalii. Kwa utaratibu ulivyo, klabu inayopima ndiyo inayochorewa ukanda, na isiyopima inaendelea kuitwa safi. Ningekuwa mimi ningebadilisha hapo kwanza: eneo lisilo na vipimo lihesabiwe kuwa halijulikani, na libebe masharti yale yale ya jirani yake aliyepima.

Halafu kuna hesabu ambayo klabu nyingi haziipigi. Ukipima kulungu 15 na wote wakawa wazima, bado inawezekana hadi karibu 18 kati ya kila 100 walioko msituni wanaumwa. Kuuona ugonjwa ulioshika mmoja kati ya 100, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji vichwa kama 300. Klabu gani inaua 300? Kwa hiyo hiari ya klabu mojamoja haitufikishi popote, vichwa lazima vikusanywe vya eneo zima. Na nyie mnaolea madume mpaka miaka mitano ili mapembe yanenepe, hao ndio kundi linalokutwa na CWD zaidi.

Mdau wa Arusha:

Huku kwetu mwindaji wa kitalu anaongozana na askari wa wanyamapori. Nyie nani anahakikisha kichwa kimefika?

Mwanachama wa klabu, Mississippi:

Hakuna, ndugu yangu. Unakata kichwa na kipande cha shingo kama sentimita 15, unatoa mapembe, unajaza kadi, unatumbukiza kwenye friza la idara ya wanyamapori. Ukiamua kukitupa korongoni hakuna atakayejua, na sheria ya lazima itaongeza wanaotupa.

Hilo la jirani kubeba masharti sawa nalikubali. Wakilipitisha, na friza likawekwa karibu, kikao kijacho nitapiga kura ya kupima. Ila ile klabu ya ng'ambo ya mto ianze kwanza, maana mahindi wanayowawekea kulungu tunayaona mpaka huku.