"Passed with flying colours": inatumikaje hasa?

BarabaraYa8: Shikamooni wakubwa. Naandaa risala ya Kiingereza ya mahafali ya kidato cha nne hapa Tanga. Nimeandika: "Last year our students passed out with a flying colour." Mwenzangu anasema imekosewa, ila haonyeshi wapi. Pia, naweza kuitumia kwa wote waliofaulu?

Mwl_Chumbageni: Marahaba. Makosa ni matatu, yote baada ya kitenzi. Ondoa "out", maana "pass out" ni kuzimia, au kwa askari, kuhitimu mafunzo. Ondoa "a". Na "colours" ni wingi siku zote. Inabaki: "Last year our students passed with flying colours." Mtihani ukitajwa hukaa katikati: "passed the exam with flying colours." Wamarekani huandika "colors", sisi tunafuata Waingereza, kwa hiyo bakiza ile u.

Mhariri_Raskazone: Kwa wote, hapana! Hapa ndipo risala nyingi zinapoharibika. "Colours" hizi ni bendera, si rangi. Meli iliyoshinda vita iliingia bandarini bendera zikipepea mlingotini. Iliyosalimu amri ilizishusha. Kwa hiyo msemo unasifu kufaulu vizuri sana, si kufaulu tu. Daraja la kwanza kidato cha nne ni pointi 7 hadi 17, hapo unakaa barabara. Mwenye daraja la nne kwa pointi 33 amepona chupuchupu, na Mwingereza angesema "scraped through". Sentensi yako imewabeba wote kwa pamoja, na wazazi waliokaa pale wanayajua matokeo. Taja idadi: "Ten of our students passed with flying colours," ukiweka namba yenu halisi.

BarabaraYa8: Nimewapata, ahsanteni sana. Na mtu aliyetajirika? "He got rich with flying colours"?

Mwl_Chumbageni: Haiendi. Lazima kuwe na kitu cha kumpima mtu: mtihani, usaili, matibabu mazito. Hata chombo hupimwa, "The boat passed its inspection with flying colours" ni sahihi kabisa. Badala ya "passed" unaweza kusema "came through". Usiandike "got flying colours", kwani si alama anazopewa mtu. Na kwenye barua ya kuomba kazi uache kabisa; andika "Division One, 9 points". Mwajiri anatafuta daraja na pointi.