KIKAPU CHA UKOO 🏀

Jumatatu, 10 Februari 2025

[19:02] Rehema: Habari za jioni wote. Copa del Rey, kombe la kikapu la Hispania, inaanza Alhamisi, tarehe 13. Nataka majibu mawili tu. Moja, tunatazamia kwa nani. Mbili, ubashiri wa kila mtu uje kwangu pembeni, SI HUMU kikundini.

[19:03] Rehema: Mwaka jana mlinisumbua. Mwaka huu sikubembelezi mtu.

[19:41] Rehema: Naona mmesoma watu 14.

[19:58] Juma: 👍

[19:59] Rehema: Juma, hicho kidole ni jibu la swali lipi?

[20:00] Juma: La yote mawili

[20:15] Rehema: Kwa waliosahau. Timu nane. Robo fainali Alhamisi na Ijumaa, nusu Jumamosi, fainali Jumapili. Mechi saba basi. Hakuna marudiano, ukifungwa mara moja umefunga mizigo. Robo ukipatia ni alama 1, nusu 2, fainali 4. Mkilingana tunaangalia nani kakaribia jumla ya pointi za fainali.

[20:16] Rehema: Na msinitumie timu ambayo haimo. Wanaoingia ni waliomaliza juu mzunguko wa kwanza wa ligi, mechi 17, pamoja na mwenyeji. Mwenyeji ni Gran Canaria.

[20:33] Shangazi Mwajuma: Hii ndiyo ile ya Messi?

[20:34] Juma: Shangazi hiyo ni ya miguu 😂 Jina moja, michezo miwili

[20:34] Juma: Messi kwa kimo kile huku angepita katikati ya miguu ya watu

[20:36] Shangazi Mwajuma: Basi mimi naweka Messi.

[20:37] Rehema: Shangazi 🙏🏾

[20:40] Idi: Mwenyeji asiwekwe bingwa na mtu. Tangu 2002 hakuna aliyelichukua nyumbani kwake. Madrid walikuwa wenyeji 2019 wakalikosa, 2021 wakalikosa tena, zote mbili kwa Barcelona.

[20:42] Baba Mdogo Hamisi: 2019 usiitaje kwa wepesi hivyo. Ile tuliporwa.

[20:42] Juma: Ameamka 😂😂

[20:45] Baba Mdogo Hamisi: 94 kwa 93, muda wa nyongeza, marefa wakaenda kwenye video wakarudi na kikapu ambacho hakikuwepo. Wenye ligi wenyewe walikuja kukiri kosa. Sasa kombe linarudishwa kwa kukiri?

[20:46] Juma: Baba Mdogo, sisi matokeo tuliyajulia kwenye simu. Kuna mtu alichomoa waya wa runinga.

[20:47] Baba Mdogo Hamisi: Mechi ilikuwa imekwisha.

[20:47] Idi: Kwako wewe

[20:48] Rehema: Waya tutauzungumza siku nyingine. NANI ANATUPOKEA JUMAPILI?

[21:30] Rehema: Kimya.

Jumanne, 11 Februari 2025

[07:10] Rehema: Ubashiri uliofika: Idi, Mama Saada, mimi. Watatu kati ya 22.

[12:52] Baba Mdogo Hamisi: Njooni kwangu. Runinga ipo, viti vipo. Waya nitaufunga kwa kamba mkitaka.

[12:53] Juma: 😂😂😂 hapo umemaliza

[12:55] Rehema: Asante Baba Mdogo. Basi Jumapili kwa Baba Mdogo. Kuna mwenye neno?

[13:20] Zuhura: Mimi sitakuja.

[13:21] Rehema: Zuhura, jamani. Ndiyo kwanza umeandika tangu mwezi wa kumi na mbili.

[13:24] Zuhura: Nimeandika kwa sababu umeuliza mwenye neno.

[13:25] Juma: Hapa kuna harufu ya 2023

[13:31] Zuhura: Ndiyo, 2023. Nilisema Unicaja, timu ya Málaga, mkanicheka siku nne. Mkaniita Bi Málaga. Wakamtoa Barcelona robo, wakamtoa Madrid nusu, wakamfunga Tenerife fainali 83 kwa 80. Kikombe cha Babu, cha mshindi wa ubashiri, kiko wapi?

[13:32] Idi: 🫣

[13:40] Baba Mdogo Hamisi: Zuhura mwanangu, karatasi yako ya ubashiri ilichelewa. Tulikubaliana Jumatano usiku.

[13:41] Zuhura: Niliituma Jumatano.

[13:41] Baba Mdogo Hamisi: Kwangu ilifika Ijumaa.

[13:43] Zuhura: Kwako ilifika ulipowasha data, Baba Mdogo. Nami samahani kwa kusema hivi mbele ya wadogo.

[13:44] Juma: Tuite marefa waangalie video

[13:45] Rehema: JUMA.

[13:46] Zuhura: Halafu hata ningeituma Ijumaa, hiyo fainali ya Tenerife nani aliijua Ijumaa? Humu kuna mmoja aliyeiandika?

[13:58] Rehema: Nina wazo. Mwaka huu tuanze upya, ya nyuma tuyafunge. Kila mtu atume kwangu, nami nabandika orodha yote Alhamisi asubuhi kabla mpira haujarushwa. Hakuna wa kusema kachelewa.

[13:59] Zuhura: Wazo zuri. Lilihitajika miaka miwili iliyopita.

[14:02] Shangazi Mwajuma: Nimebadilisha. Simweki Messi. Naweka wale wa kisiwani wenye kombe kwao.

[14:03] Idi: Gran Canaria? Shangazi si nimesema mwenyeji halichukui? Na hawa hawajawahi kulichukua popote, fainali ya 2016 Madrid ndiye aliyewazima.

[14:04] Shangazi Mwajuma: Ndiyo maana zamu yao imefika.

[14:20] Baba Mdogo Hamisi: Kikombe kipo salama. Nimekitunza kwa sababu kuna wanaopoteza vitu.

[14:21] Zuhura: Nani huyo?

[14:29] Baba Mdogo Hamisi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[14:30] Juma: Nimeuona 😳

[14:30] Idi: Mimi pia

[14:31] Rehema: Hakuna aliyeuona chochote. Turudi kwenye Jumapili.

[18:47] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:51)

[18:49] Rehema: Bibi kapata wapi haya?

[18:50] Mama Saada: Yumo kikundini tangu Idd ya juzi, nani alimtoa?

[18:55] Idi: Niko naye hapa. Ameniambia niandike alichosema, maana anajua hamsikilizi sauti zikizidi dakika. Naandika kama alivyosema:

[19:06] Idi: "Hamisi. Kile kikombe baba yako hakukikuta njiani. Walicheza mechi nne kwa siku mbili na goti lake limefungwa kitambaa, na wenzake ndio waliombeba kurudi. Hakukiweka kabatini. Kilikaa dirishani, kila mtoto aliyepita alikishika, ndiyo maana mkono mmoja umelegea. Sasa nasikia kiko kwako kimefungiwa. Sijauliza karatasi ilifika lini. Mimi karatasi siijui. Jumapili nataka kukiona. Kama ni kwako, nitaletwa kwako. Kama ni kwingine, utakuja nacho. Zuhura, na wewe usiniambie hutakuja."

[19:07] Idi: Mwisho. Kisha akasema nisiongeze la kwangu.

[19:08] Idi: Sijaongeza.

[20:40] Rehema: Tumekusikia Bibi.

[20:41] Mama Saada: Tumesikia.

[20:55] Juma: Tumesikia Bibi

Jumatano, 12 Februari 2025

[06:30] Rehema: Leo saa sita usiku nafunga. Ubashiri uliofika ni 9.

[09:14] Baba Mdogo Hamisi: Bibi shikamoo. Kitakuwepo.

[09:15] Rehema: 🙏🏾 Kwako basi, au?

[09:52] Rehema: Baba Mdogo?

[11:20] Idi: Bibi anauliza kwa Hamisi kuna ngazi ngapi

[11:22] Juma: Kumi na moja na hazina pa kushika

[11:23] Idi: Amesema "hm"

[11:25] Rehema: Kwa hiyo tuhamie kwa Idi? Idi, runinga yako inafika ukuta wa pili au ni ile ile?

[11:26] Idi: Ile ile. Mpira utauona, namba za jezi utaambiwa

[11:27] Juma: Tutamtambua Llull wa Madrid kwa wanavyopiga kelele

[11:31] Baba Mdogo Hamisi: Llull ana mpira wa mwisho wa fainali ya 2014, 77 kwa 76 dhidi ya Barcelona, hapo hapo kwao Unicaja. Huyo hatambuliwi kwa kelele, anatambuliwa kwa heshima.

[11:32] Juma: Sawa baba 😂 na runinga yako je, unaweza kuibeba hadi kwa Idi?

[16:05] Shangazi Mwajuma: Ndiyo nasoma sasa. Kumbe kuna ugomvi? Na Llull ni yupi, yule mrefu?

[21:48] Rehema: Zimefika 16. Zuhura bado. Zuhura, zimebaki saa mbili na dakika kumi na mbili, usinitie aibu.

[23:37] Zuhura: Nimekutumia pembeni. Na nimeipiga picha skrini, na saa inaonekana.

[23:38] Rehema: Imefika 23:36. Nashuhudia mbele ya wote.

[23:39] Juma: Kaweka nani bingwa?

[23:39] Rehema: Kesho asubuhi.

[23:41] Juma: Ni Unicaja tena, sivyo? Bi Málaga

[23:44] Baba Mdogo Hamisi: Juma, liache hilo jina.

[23:52] Rehema: Nafunga. Jumapili ni kwa Idi AU kwa Baba Mdogo, nitapiga simu kesho. Atakayembeba Bibi ngazini kama ni kwa Baba Mdogo ajitaje sasa hivi.

[23:53] Rehema: Mmesoma watu 11.